Honi ya Saa Kumi na Mbili

Changamwe,
4 Machi 1961

Mjomba wangu Idarus,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Nairobi, na kwamba baridi unayoisimulia haijakugandisha vidole, maana tangu Idd iliyopita tumepata kwako kadi moja tu, nayo ilikuwa na picha ya twiga. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana. Baba pia hajambo, ingawa zamu za bandarini humrudisha nyumbani akiwa ameshalala, miguu tu ndiyo inayotembea. Kuku wetu mweupe ametotoa. Mimi nimetoka shule tangu Desemba, na sasa kazi yangu ni kuchambua mchele na kuulizwa na kila mgeni nina mpango gani. Nikiulizwa hunyamaza, kwa hiyo wameshakubaliana kwamba sina.

Babu naye ni mzima. Nilipomwambia kwamba nakuandikia, alisema, "Nshasikia." Hakutuma salamu, lakini pia hakunikataza kuandika. Nakutumia hilo badala ya salamu.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka nyumba yetu ilivyo na njia ya gari la moshi: ukitupa kokwa la tende dirishani, linaangukia relini. Tangu uondoke magari yameongezeka, na kila dereva anayepita hapa hupiga honi kana kwamba ametuona tumelala juu ya reli kwa makusudi. Tumejifunza kuishi nayo. Mtu akizungumza na honi ikalia, hukata maneno, akangoja na mdomo wazi, kisha akaendelea palepale alipoachia. Wageni hudhani tumepigwa na butwaa. Mwezi wa Shaabani kulikuwa na ndoa hapa jirani; bwana harusi aliulizwa mara tatu kama amekubali, na mara zote tatu honi ilijibu kwa niaba yake. Jirani yetu Mbeyu, yule Mgiriama mwenye mbuzi, ana mtoto mchanga ambaye hajawahi kumaliza usingizi aliouanza. Mbeyu anasema neno la kwanza la mtoto huyu halitakuwa mama wala baba, litakuwa "pooo".

Hayo yote tungeyavumilia. Lakini Jumatatu, tukiwa tumefunga, wingu lilitanda na jua halikuonekana likitua. Likapita gari la mizigo ambalo halimo katika hesabu ya mtu yeyote. Mbuzi wa Mbeyu walikuwa relini, na dereva akapiga honi ndefu ya kuwaondoa. Babu, aliyekuwa msikitini, akapanda ngazi akaadhini magharibi. Mtaa mzima ukafuturu. Tulikuwa tumemaliza tende na uji, tumeingia kwenye tambi, ndipo mzinga wa kufuturu ulipolia kisiwani, kwa mbali, kama gunia la mchele lililoangushwa na hamali. Mama akasita. "Wallahi sijameza," akasema, na shavu limemjaa tambi.

Kwa hiyo mtaa mzima sasa utalipa siku moja ya saumu, na unataka kujua ni nani wa kumshukuru.

Asubuhi wazee wa msikiti wakaja. Badi alikuja nao. Huyu Badi amerudi kutoka kusoma Lamu na sauti anayoipenda kuliko tunavyoipenda sisi. Alisema kwa huruma nyingi kwamba Mzee Mwinyihaji amechoka, masikio yake nayo yamechoka, na kwamba yeye yu tayari kumpokea kazi ya kuadhini. Alikuwa tayari hasa. Alikuja na kanzu mpya. Babu alikaa akiutazama mkeka. Ndipo Mama akasema kutoka nyuma ya pazia:

"Kosa ni la honi! Mzee alidhani ni mzinga. Nani hapa hajapata kuchanganywa na hiyo honi?"

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyetaka kumwondoa mtu aliyewaadhinia tangu wakiwa watoto, na Reli haikuwapo pale mkekani kujitetea. Wakakata shauri hivi: tupeleke malalamiko Reli. Reli ikikubali kosa na kuiondoa honi ya wakati wa magharibi, Babu atabaki. Isipokubali, Badi atashika adhana.

"Na ataandika nani?"

"Mwanaima ametoka shule."

Mimi sikusema kitu, na kwa msichana hiyo huhesabiwa kwamba amekubali.

Basi nakuuliza wewe uliye ndani ya Reli: niandike kwa nani, na kwa lugha gani? Babu akiondolewa kwenye adhana sijui atabaki na nini. Hata kukaa barazani hajui. Hukaa kama mtu anayengoja kuitwa.

Mpwa wako,
Mwanaima


Nairobi,
15 Machi 1961

Mpwa wangu Mwanaima,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili ili nihakikishe kwamba mwandishi ndiye yule mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya mlango nikija, mpaka tunamwona vidole vya miguu tu. Kumbe mlangoni ulikuwa unakusanya maneno.

Mimi ni mzima. Baridi ya huku ni ya adabu, haiingii mpaka ulale. Mpe dada Barke salamu zangu na umwambie tambi iliyo shavuni haibatilishi saumu mpaka imezwe, lakini anayejua kama ilimezwa ni yeye na Mola wake.

Nina habari pia. Nimepandishwa cheo. Sihesabu tena mabehewa. Nimepewa meza yangu na kiti kisichotikisika, na barua za Kiswahili zinazofika ofisini hupitia kwangu nizifasiri, ili Bwana Mkubwa azisome kwa Kiingereza na kuzikataa kwa Kiingereza vilevile.

Nimefurahi kusikia kwamba honi yetu ina uwezo wa kufuturisha waja. Huku ofisini tunaisifu kwa kuondoa mbuzi tu. Andika kwa Kiswahili, kwa Bwana Mkubwa wa Reli, Nairobi. Usiandike "jioni" wala "jua likitua". Reli haijui jua. Andika saa.

Swali moja. Umeeleza vizuri Mama alifanya nini mzinga ulipolia. Hukueleza Babu alifanya nini.

Na ile saa ya mfukoni niliyomletea, bado imo sandukuni? Usijibu. Najua.

Mjomba wako,
Idarus


Changamwe,
24 Machi 1961

Mjomba Idarus,

Shikamoo, na Idd Mubarak ingawa imeshapoa. Hongera kwa kiti kisichotikisika. Mama alipika pilau na akakuwekea sahani, kama anavyofanya kila Idd, na kama kila Idd mbuzi wa Mbeyu ndiye aliyekula kwa niaba yako. Mbeyu alituletea mihogo. Alisema yeye si Mwislamu lakini siku ile alifuturu nasi, kwa hiyo anataka kujua kama naye ana siku ya kulipa.

Umeuliza Babu alifanya nini mzinga ulipolia. Nami nakujibu kwamba mwaka huu mawingu yalikuwa mengi sana.

Saa imo sandukuni kwa Mama, imefungwa ndani ya leso. Mama huitia ufunguo kila Ijumaa ili isife, kisha huirudisha. Siku uliyoileta nilikuwa nyuma ya ule mlango, kwa hiyo nakumbuka. Jua lilikuwa linatua, Babu akaitazama, mishale inasema sita. Sisi wengine tukiona sita tunasema kumi na mbili, tumezoea kuigeuza kichwani. Babu akasema, "Saa inayosema sita na jua latua si saa, ni shahidi wa uongo." Ukamwambia dunia nzima inahesabu hivyo. Akakwambia basi nenda ukaishi na dunia. Nawe ukaenda. Dunia yenyewe nasikia ina baridi.

Malalamiko nimeyaandika na kuyatia ndani ya bahasha hii hii, kwa kuwa umesema yanapitia kwako. Wazee wameweka sahihi, na wengine dole gumba. Nimeandika hivi:

"Bwana Mkubwa, sisi watu wa Changamwe tunaishukuru Reli kwa kutuamsha, kutunyamazisha, na kutujibia maswali ya ndoa. Hatudai kwamba gari lipite kimya siku zote. Tunajua kwamba lina furaha. Tunaomba jambo moja tu: honi isipigwe hapa saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu ni wakati wa adhana, na honi imemchanganya muadhini wetu, ambaye hana kosa lolote."

Maneno ya mwisho Mama ndiye aliyesema niyaongeze.

Nilimsomea Babu yote. Alisema, "Nshasikia."

Mpwa wako,
Mwanaima


Nairobi,
20 Aprili 1961

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, na nyote natumai vivyo hivyo. Mwambieni Mbeyu asilipe saumu. Mbuzi wake alipe, kwa pilau yangu.

Malalamiko yamefika, yamefasiriwa, yamepelekwa juu. Bwana Mkubwa alicheka alipofika kwenye maswali ya ndoa, na huyu ni mtu ambaye hatukujua kwamba ana meno. Nadhani mtajibiwa vizuri. Jibu litakuja kwa posta. Msiniulize zaidi, mimi ni karani tu.

Idarus


Changamwe,
9 Mei 1961

Mjomba Idarus,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Baba ana kikohozi lakini kinapungua. Vifaranga wote wamekua isipokuwa wawili waliochukuliwa na mwewe. Mtoto wa Mbeyu ameota jino. Nimemaliza salamu, nimezifanya fupi kwa sababu nina hasira, na sijazoea kuwa na hasira, sijui inakaa upande gani wa barua.

Jibu la Reli lilikuja, kwa Kiingereza, na mhuri mkubwa kama kisahani. Wazee wote wakakusanyika kwetu. Nilifasiri: Reli inasikitika, Reli inawaheshimu watu wa Changamwe, na kuanzia tarehe mosi Mei honi haitapigwa hapa saa... Hapo mzee mmoja akanipokonya karatasi, akaona tarakimu 12.30, akapaza sauti, "Kumi na mbili na nusu! Ndiyo ile ile!" Watu wakatoa takbiri. Wakamshika Babu mkono mmoja mmoja. Hata Badi alimshika, kama mtu anayeshika samaki wa jana.

Nilisema kwamba kwa hesabu ya Kizungu hiyo ni saa sita na nusu mchana. Nilisema mara mbili, lakini nilisema kwa sauti yangu mimi. Hata paka hakugeuka.

Ikaja tarehe mosi. Jioni honi ililia kama kawaida. Mbeyu akasema labda dereva hajapata barua. Lakini mchana ule gari la kutoka bara lilikuwa limepita kimya kama mtu anayekwepa kumsalimu jirani. Mbuzi mmoja alikoswa kwa unyoya. Na msikitini watu walitawadha, wakakaa, wakangoja adhana ya adhuhuri. Babu alikuwa chini ya ngazi, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Wakangoja. Badi alisimama kando ya birika akiitazama saa yake ya mkononi, kisha akimtazama Babu, kisha saa yake, na hakusema neno. Alikuwa na subira siku hiyo, masha Allah. Ilipokaribia alasiri mzee mmoja akamwendea Babu, akampigia kelele sikioni:

"Mzee Mwinyihaji, mbona huadhini?"

Babu akajibu, "Bado halijapita."

"Nini?"

"Gari. Bado halijapita."

Baba alikuwapo, ndiye aliyetuhadithia. Anasema hakuna aliyecheka, na ingekuwa afadhali wangecheka.

Sasa wote wanajua. Babu hasikii mzinga, hasikii mtu akimwita, hasikii kitu isipokuwa honi, na kwa muda ambao hakuna anayetaka kuukisia, watu wa Changamwe wamekuwa wakisali kwa ratiba ya Reli. Wazee wamesema mwezi wa Mfunguo Nne ukiandama, Badi atashika adhana.

Nina swali moja. Nani aliyeifasiri barua yangu? Saa kumi na mbili na nusu ni saa kumi na mbili na nusu. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua kwamba kwa Kizungu hiyo ni saa sita na nusu, si kumi na mbili. Nani ofisini kwenu hajui?

Babu anasema amesikia.

Mwanaima


Nairobi,
19 Mei 1961

Mpwa wangu Mwanaima,

Marahaba. Nimesikitika, kwanza kwa vifaranga. Kikohozi cha baba yako kitibuni kwa tangawizi.

Kuhusu swali lako: ofisi ni kubwa. Siku ile nadhani nilikuwa na homa, na nikiwa na homa barua hufasiriwa na Kamau wa meza ya pili, kijana mzuri lakini ana haraka. Mambo ya saa ni magumu. Huzunguka. Hata watu wazima hukosea.

Hukuandika Babu anasemaje. Hilo la "amesikia" silihesabu. Anakula? Analala?

Idarus


Changamwe,
30 Mei 1961

Mjomba Idarus,

Shikamoo. Pole kwa homa iliyokupata siku ile moja tu. Pole pia kwa Kamau, ambaye nasikia kwao watu huamka saa kumi na mbili kama sisi, lakini akiingia ofisini husahau.

Nimefikiri sana, kwa kuwa sina mpango mwingine. Aliyeifasiri barua hakukosea. Alijua kwamba Babu anaishika magharibi kwa honi, na kwamba honi ya jioni ikiondolewa Babu amekwisha. Alijua pia kwamba Reli isipokubali jambo lolote, Babu amekwisha. Basi akawapa Reli honi nyingine ya kuizima, ambayo alidhani haina kazi. Ni akili nyingi. Ningemsifu kama angeniuliza kwanza.

Maana adhuhuri Babu alikuwa akiitambua kwa kivuli cha kile kijiti cha uani msikitini. Badi aliking'oa mwaka jana walipopanua birika. Tangu hapo hata adhuhuri ni gari. Mtu huyo hakulijua hilo kwa sababu hajakanyaga hapa mwaka wa pili huu.

Babu anakula kidogo. Anaadhini magharibi tu, kwa kuwa gari la jioni bado linapiga honi. Nyakati nyingine Badi amezishika tayari, kwa kujaribu, anasema. Mwezi uko karibu kuandama.

Babu anasema amesikia. Sikuwa nimemsomea kitu.

Mwanaima


Nairobi,
8 Juni 1961

Mpwa wangu Mwanaima,

Marahaba. Barua hii usimpe dada Barke aisome, atalia na hutasikika. Msomee Babu wewe mwenyewe.

Kamau mwondolee lawama, ingawa humjui. Sikuwa na homa.

Siku niliyoleta ile saa niliingia kwa mlango wa uani. Alikuwa amenipa mgongo. Nikamwita: Baba. Nikamwita tena. Mara ya tatu nikaona hataki kuniitikia kwa sababu niliacha kumsaidia adhana nikaja Reli, nikaingia ndani na hasira yangu tayari. Ugomvi wa saa ulikuja juu ya hasira hiyo. Nikaondoka kesho yake kwa gari la jioni. Lilipopita hapo kwetu honi ikalia, nikachungulia dirishani kuiangalia nyumba, nikamwona chini ya ngazi ya msikiti. Alinyanyua kichwa ghafla, kama mtu aliyeitwa jina lake. Akapanda ngazi. Hapo nikajua kwamba nilipomwita hakuninyima jibu, hakunisikia. Na nilijua nikiwa ndani ya gari, linakwenda. Baadaye niliona haya kuandika, na haya ikikaa sana hugeuka mzaha, kama ulivyoona.

Sasa fanya hivi. Itoe saa sandukuni. Jua likitua, vuta kile kijiti chake cha juu na uzungushe mishale mpaka isome kumi na mbili kamili. Basi. Nilimwambia dunia nzima inahesabu vile. Saa ni yake, ihesabu anavyotaka yeye. Tumenuniana miaka miwili na tofauti yetu yote ilikuwa saa sita.

Mwambie nimeomba likizo. Mwambie nitakuja kama atanipokea.

Idarus


Changamwe,
20 Juni 1961

Mjomba wangu Idarus,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na alilia ingawa sikumpa barua. Baba amepona. Mtoto wa Mbeyu amesema neno la kwanza, na lilikuwa "mbuzi", kwa hiyo Reli imeshindwa.

Barua yako ilifika Jumapili. Babu alikuwa barazani. Nikaketi karibu naye nikasoma kama ninavyosoma siku zote. Sijafika pale ulipomwita mara ya pili, akasema, "Nshasikia, mwanangu. Mwambie nshasikia."

Nikaikunja karatasi. Lakini sikuondoka, kwa sababu sikujua niende wapi nayo. Akanitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena mdomoni.

"Mwanaima."

"Abee, Babu."

"Sikusikia. Soma tena."

Mjomba, mimi shuleni mwalimu alinisimamisha mara nyingi akiniambia niongeze sauti, na kila nikisimama ilipungua. Nilisoma tena. Akatikisa kichwa. Nikasoma kwa nguvu. Akaweka kiganja nyuma ya sikio. Basi nikasimama, nikasoma kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo, na sijui ilikuwa imewekwa wapi muda wote huo. Mbeyu akatoka na mwanawe kiunoni. Watu wa dukani wakatoka. Nilipofika pale ulipochungulia dirishani gari la jioni likapita na kupiga honi, na kila mtu barabarani akakata maneno. Mimi sikukata. Niliendelea mpaka nikaipita.

Nilipomaliza Babu alikishusha kiganja. Halafu akasema, "Aliniita mara tatu?" Nikamwambia, kwa ukelele, tatu. Akasema, "Nami nalidhani amepita bila salamu." Akanituma nikailete saa.

Jua lilipotua kesho yake niliizungusha mishale mbele yake. Aliitazama ikisoma kumi na mbili, akaitazama mbingu, akaitazama tena, akasema, "Imetubu." Akaitia mfukoni mwa kanzu.

Siku ya mwandamo wa mwezi Badi alikuja msikitini mapema, na ile kanzu yake, ambayo sasa si mpya sana. Wazee wote walikuwapo. Baba anasema Babu alikuwa amesimama chini ya ngazi, lakini safari hii kichwa hakukiinamisha upande. Alitoa saa, akaifungua, akapanda, akaadhini. Badi akatazama ya kwake, wazee wakamtazama Badi, naye akasema kwa shida kwamba, naam, ni wakati. Swala ilikuwa imekwisha na watu wanatoka ndipo gari la jioni likaja na honi yake. Babu hugeuka akiisikia, siku zote. Akageuka, akatoa saa, akalitazama gari, akatikisa kichwa.

"Limechelewa," akasema.

Wazee hawajatamka tena habari ya kumwondoa. Badi amepewa alfajiri, kwa sababu Babu mwenyewe alisema kwamba kijana ana sauti na wakati ule kuna watu wanaohitaji kuudhiwa.

Limebaki jambo moja la ofisi yako. Mbeyu anataka honi ya mchana irudishwe, maana mbuzi wake hawasikii kitu kingine, nao hawawezi kuvaa saa. Ameniomba niandike malalamiko kwamba kuna kimya kingi. Nitayaandika leo, na saa nitaiandika kwa hesabu zote mbili, ili Kamau asipate homa.

Kuhusu kupokewa: uje kwa gari la mchana, hata kama ni lile la kimya. Babu amesema usiingie kwa mlango wa uani, uje kwa mbele, na ukimwita umshike bega. Mimi sitakuwa nyuma ya mlango.

Nimemsomea barua hii kabla ya kuifunga. Anasema amesikia. Safari hii ni kweli, na mtaa mzima ni shahidi.

Mpwa wako,
Mwanaima